Sauti Mbili Kooni

Al Mansoura, Doha
9 Machi 2014

Kwa kaka yangu Herbert,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Natumaini nyote hamjambo, na mgongo wa mama umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Akili ndiyo sijui.

Juzi Ijumaa kampuni ilinipeleka kulinda mlango wa ukumbi wa muziki. Bendi ilitoka Tuva, upande wa Urusi uliopakana na Mongolia. Nilipoona magitaa ya umeme na ngoma za roki, nikajua ni kelele tu. Kisha mmoja wao, mzee mnene, akaanza kuimba kwa koo. Herbert, mtu mmoja alitoa sauti mbili kwa pamoja: moja nzito ikinguruma, nyingine nyembamba juu yake kama filimbi. Ile nzito ilikuwa mlio wa nyuzi za obokano ya baba kabisa. Nilitazama kama ameficha chombo. Hakuwa nacho.

Sijui niliondoka mlangoni saa ngapi. Nilijikuta katikati ya watu, na sare yangu mwilini, nikilia. Msimamizi wetu, Mwaura, alinishika mkono akanitoa, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo. Akauliza lini. Nikamwambia miaka miwili iliyopita. Akanirudisha mlangoni. Barua ya onyo nimeipata leo.

Bendi ilipotoka nilimwomba mkalimani wao aniulizie wimbo ule ulisema nini. Mwimbaji alicheka, akasema ni wa kumsifu farasi mwenye mbio. Basi nililia kwa ajili ya farasi? Nafua, nakula, naenda kazini, na bado sielewi.

Kuna jambo siwezi kulisema kwa simu, maana mama husikiliza. Baba alipofariki niliwaambia kampuni imeninyima ruhusa. Si kweli. Sikuomba. Karani alinipa fomu ya kuombea ruhusa, nikaikunja nikaitia chini ya godoro. Labda niliogopa kupoteza kazi. Labda nilidhani nisipomwona akizikwa atakuwa bado yuko. Sijui, kaka. Ninyi mlilaumu kampuni mkanihurumia, nami nikaipokea huruma hiyo.

Leo nimeomba likizo ya Aprili, na Mwaura ameitia sahihi bila kuniuliza neno. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Lakini wewe, kama ukishasoma haya hutaki nije, mwambie Edith aliyekuletea barua anijulishe, kabla sijakata tiketi.

Nisalimie Emily na watoto, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi dada yako, nisiyejielewa,
Kerubo