Doa la Kwanza

Dada yangu mpendwa,

Hatujambo, ila mwanangu ameota meno na anatung'ata sote. Kazini tumefungiwa kihisi kipya cha joto tumboni mwa ndege yetu ya kulinda misitu, kidogo kama kipande cha sabuni, lakini kinaona moto hata moshi ukitanda.

Jumanne kiliuona moto ulioteketeza msitu na nyumba ya jirani yetu. Nikarudisha picha nyuma hadi ulipoanzia. Dada, doa la kwanza liko shambani kwa Baba.

Nilimpigia. "Baba, Jumanne ulichoma majani?"

"Mimi? Siku hiyo sikutoka ndani, mwanangu."

Baba hajawahi kunidanganya. Kihisi nacho nilikipima mwenyewe mara tatu. Nimwamini nani?

Leo mkuu wangu alitaka ripoti, ile niliyomwonya Baba kwamba itakuja. Niliandika mahali na saa tu, kwa kuwa mkono uliowasha sikuuona. Nikaituma, nikaenda kulia chooni. Baadaye Baba akapiga.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Baba."

"Haya. Lakini umekula?"

Dada, sijui hapo alikuwa ananisamehe au anakiri. Wewe unamjua kuliko mimi, niambie.

Ni mimi,
kitindamimba wenu