Fabianus Parera: Kikombe Bado Kipo Mlangoni

Mwaka umetimia sasa, Fabianus, tangu utuache, na sisi wa nyumbani kwako Wolomude bado tunasukutua midomo. Wenzetu huachiwa na wazee wao mashamba. Wewe umetuachia kikombe cha bati.

Asiyekujua na aambiwe: ulikuwa mkausha mbata kwa riziki, na katekista wa kigango kwa moyo wako wote. Shati lako jeupe la Jumapili lilikuwa na kiraka kwapani, na hukukubali lifuliwe pamoja na nguo nyingine. Wajane ulikuwa ukiwapasulia nazi zao bila kuombwa. Mgonjwa hata akae mlimani kabisa, ulimpandia. Kwa hayo hakuna aliyekulalamikia. Tulilokulalamikia ni lile la mlangoni.

Hapa kwetu kisiwani Flores tambuu ndiyo salamu. Mgeni hajaketi vizuri ameshasogezewa jani, popoo na chokaa. Watu hutafuna wakishuka kutoka vilimani, wakafika kanisani midomo myekundu kama waliokula nyama mbichi. Nawe umesimama mlangoni, ndoo ya maji miguuni, kikombe chenye ua la buluu mkononi, unaangalia midomo. Saa moja kabla ya komunyo, ulisema, mdomoni kusipite kitu ila maji na dawa.

"Shemeji, fungua mdomo," ulimwambia Petronela, dada wa mkeo, mbele ya kigango kizima.

"Tambuu si chakula, we mzee! Mimi simezi, natema."

"Unatema wapi? Ukutani kwa Bwana?"

"Ukuta wenyewe mrefu, hauishi leo."

"Haya, sukutua uketi. Leo utampokea kwa moyo. Jumapili ijayo utampokea na kwa mdomo."

Petronela alikaa benchi la nyuma, mashavu yamemvimba hadi misa ikaisha, na nyumbani kwako hakukanyaga tena kwa muda mrefu. Na nani alibeba kikapu cha ndizi kwenda kumbembeleza? Mkeo Kresensia. Kila uliyemuudhi wewe, yeye alimfuata na kikapu. Migomba ya nyuma ya nyumba ilikuwa inazaa kwa ajili ya ukali wako.

Wajukuu nao uliwafundisha kupokea kwa kutumia vipande vya muhogo mkavu. "Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini yake, kama unavyomwandalia mkubwa kiti. Usinyakue! Hapa hagombaniwi mtu." Kisha ukawainamia viganja kutafuta chembe. "Hata hii ni Yeye mzima," ulisema. Na ile sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, misa ikiwa uwanjani, hostia ikaanguka kwenye tope! Ulisimama juu yake umetanua mikono, mvua inakupiga, hukuruhusu mtu wala kuku kupita mpaka padri alipofika akaiokota. Foleni nzima ililowa. Kresensia alikuwa amevaa sarongi yake mpya aliyoifuma mwenyewe, na rangi ikachuja hadi miguuni. Hilo hajalisahau.

Lakini lililotuchosha kuliko yote ni shukrani yako. Misa imekwisha, watu wako nje wanacheka, wengine wameshafika kwao na kufunua masufuria. Sisi tumepiga magoti, kwa sababu wewe umefumba macho na hujamaliza. Siku moja binti yako Yustina alishindwa kuvumilia.

"Baba, nyama ya nguruwe iko motoni. Inaungua."

Ulifumbua jicho moja. "Mgeni ndiyo kwanza ameingia ndani mwako, nawe unamwacha sebuleni peke yake ukaangalie nguruwe?"

Nguruwe aliungua. Tulimla hivyo hivyo, wewe ukimsifu.

Kisha zikaja mvua za mwaka jana na kifua chako kikaziba. Muuguzi alimwita Kresensia pembeni akamwambia asitarajie siku nyingi. Padri Anselmus akaitwa kutoka parokiani. Alikuja na pikipiki, kakivuka kijito maji yakimfika magotini, na alijua asipogeuka upesi hatavuka tena mpaka maji yapungue. Na nani alijua yatapungua lini?

Sasa tazama balaa. Kabla tu ya padri kufika, alikuwa ameingia Petronela. Baada ya miezi yote ile ya kununa, alikuja na kinu chake kidogo, akakupondea tambuu laini kwa kuwa huna meno, akakutia mdomoni kwa kidole chake. Ilikuwa amani hiyo, na amani haikataliwi. Ulitafuna ukitabasamu, mate mekundu yakikutiririka kidevuni. Mara hodi, padri huyo mlangoni, na Ekaristi kifuani mwake.

Ukafunga mdomo. Ukatikisa kichwa.

"Baba Fabianus," padri akasema, "mgonjwa hafungwi na saa. Kanisa lenyewe limemsamehe."

"Padri, watu wangapi nimewarudisha kwa mate haya haya? Leo nijipitishe mimi?"

"Wao walikuwa wazima, Baba."

"Nitasubiri saa iishe."

"Kijito hakitasubiri!"

Petronela akaanza kulia, akijipiga mapaja. "Nimemuua shemeji yangu! Nimemnyima Bwana kwa mkono wangu!"

Hapo ndipo subira ya Kresensia ilipokwisha. Ilikuwa imedumu ndoa nzima. Alichovya kitambaa majini akakusugua mdomo, ndani na nje, kama anayesugua chungu.

"Sikiliza wewe mzee," akakwambia. "Mlangoni kwake ulilinda, vizuri. Lakini leo si wewe uliyekwenda kwake. Yeye ndiye amekuja kwako, kavuka maji, kapiga hodi. Mgeni huyo yuko sebuleni, Fabianus. Utamwambia azunguke nje, arudi baadaye, eti kwa sababu ya tambuu?"

Kisha kifua kikakukoroma, nasi tukadhani ni kikohozi. Kumbe unacheka.

"Kresensia," ukasema, "umenishika."

Ukafungua mdomo. Padri akakupa chembe ndogo, na Kresensia akakufuatishia kijiko cha maji. Ulisema "Amina" iliyosikika hadi jikoni. Ukafumba macho, ukaweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia.

Nasi tukanyamaza, kama ulivyotuzoesha. Padri alipiga magoti, akasahau kijito chake. Chakula kilikuwa motoni na hakuna aliyeinuka. Tulisubiri umalize shukrani yako. Tukasubiri, tukasubiri, hata Yustina akatutazama mmoja mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Hujamaliza mpaka leo.

Ujue basi yanayoendelea. Mlangoni pa kanisa sasa anasimama Petronela na kikombe chako, na kwa ukali amekupita. Jumapili iliyopita alimrudisha diwani. Kresensia amekwenda na kikapu cha ndizi.

Tunaokukumbuka ni mkeo Kresensia, binti yako Yustina na mumewe, wajukuu zako wote, shemeji yako Petronela, na kigango kizima cha Wolomude, waliorudishwa na wasiorudishwa. Misa ya mwaka wako itasomwa Jumapili hii. Baada ya komunyo tutapiga magoti na kunyamaza pamoja nawe, kwa muda wowote utakaoutaka. Kukukumbuka hatutaacha, Fabianus.

Nguruwe na aungue.