Siku Basi la Shule Lilipofika kwa Mama

Emmy Wabwile,
S.L.P. 214,
Kachibora.

14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Wangila,

Pokea salamu nyingi kutoka Kachibora. Natumai baridi ya huko Windhoek haijakushika kifua, na kwamba Shangazi na watoto wanaendelea vyema. Sisi hatujambo, ila goti la Mama linalolalamika mvua ikitanda. Mahindi yamefika kiunoni.

Nimeshika kalamu kwa sababu dada yako hataki kukuambia mwenyewe. Anasema atakuwa anajipiga kifua. Basi acha nimpigie mimi.

Unamkumbuka Chepngeno wa jirani? Siku hizi anafundisha Bungoma. Kila mwaka huwaleta wanafunzi wake wa Gredi ya Sita kwenye makumbusho ya Kitale, na mwaka jana walizuru chuo cha wakulima cha Mabanga kujifunza kilimo. Mwaka huu alitaka waone shamba la mtu wa kawaida, akamwomba Mama. Watoto wangefaidika, boma letu lingeingia kwenye orodha ya ziara za kila mwaka.

Mama alikataa mara mbili. Alisema mtu aliyeishia darasa la tatu hana la kuwaambia watoto wanaoongea Kiingereza. Alipokubali, alikonda kwa wasiwasi wiki nzima.

Sasa sikia tulichofanya, Mjomba, na usicheke sana. Wageni wanakuja, si lazima boma ling'are? Tulizoa samadi yote, tukamwogesha ng'ombe kwa sabuni, tukawafungia kuku. Lile shimo la mboji tulilifukia kwa udongo na kulifunika kwa mkeka. Mama akavaa viatu vyake vya kanisani.

Basi liliposhusha watoto arobaini na wawili wenye madaftari, Chepngeno akatazama huku na huku, kisha akauliza mbolea iko wapi.

"Mwalimu, nimeondoa," Mama akamjibu. "Si ni aibu wageni kuona mavi?"

Watoto waliangua kicheko. Kumbe ndicho walichosafiri kuona! Niliona uso wa Mama ukibadilika, nikajua akiingia ndani siku hiyo hatatoka tena.

Hakuingia. Alivua viatu, akachukua jembe, akaanza kufukua shimo mwenyewe, licha ya goti lake. Mvuke ulipopanda, kicheko kiliisha. Aliwaambia watie mikono wasikie joto, akawaeleza majani ya jana yanavyogeuka chakula cha mahindi ya kesho. Waliuliza, naye akajibu bila kubabaika. Sikujua anajua yote hayo, na nimelala nyumba moja naye miaka ishirini na sita.

Kisha msichana mmoja, Cherono, akamuuliza alisomea shule gani. Mama aliegemea jembe. Mimi nilitazama chini.

"Nilisoma hadi la tatu," akasema. "Mama yetu akalazwa hospitali ya Lugulu, nikabaki nyumbani kubeba mdogo wangu. Huyo mdogo sasa ni daktari wa mifugo. Haya, andikeni hiyo pia."

Wakaandika, Mjomba. Madaftari arobaini na mawili Bungoma yana jina la dada yako na habari zako. Nililia hadharani, na sioni haya kusema.

Juzi barua ya shukrani ilifika kutoka shuleni. Watarudi mwaka ujao, na wameomba tusisafishe kitu. Mama ameiweka ndani ya Biblia. Mara kwa mara huitoa akasoma mstari wa kwanza tu, akairudisha.

Mstari huo unasema, "Kwa Mwalimu Agneta." Nakuomba jambo moja: Jumapili ukimpigia simu, kabla hujauliza habari ya goti, mwite hivyo.

Nisalimie Shangazi na watoto wote. Kaka Bethwel na mkewe Fridah wanakusalimu, hata ng'ombe aliyeogeshwa. Mungu aliyekulinda mgongoni mwa dada yako azidi kukulinda ugenini.

Mpwa wako akupendaye,
Emmy