Kigingi cha Mita Sita

Shoga, mbona hupokei simu? Basi soma. Nimeumbuka!

Unakikumbuka kile kigingi changu cha ufukweni, cha kupimia bahari inavyokula ardhi? Mwaka mzima, kutoka kigingi hadi majini ni mita sita. Mita sita, hazipungui!

Leo nimesimama mbele ya bosi na wageni, kifua mbele, nikatangaza: "Ufukwe huu hauliwi. Ukuta wa kuzuia mawimbi hauhitajiki."

Mlinzi wetu, yule mzee wa koti la mvua, akanyoosha mkono. "Mwanangu, mbona unaliwa? Maji yakikaribia kigingi chako, mimi nakirudisha nyuma, kisije kikabebwa."

ANAKIRUDISHA NYUMA. Kwa huruma!

Bosi akamuuliza, "Mara ngapi?"

"Mara kumi na moja, hatua mbili mbili. Nimeandika."

Akatoa kidaftari mfukoni. Tarehe, hatua, hadi hali ya mawimbi. Shoga, hadi mawimbi!

Nikauliza mwanzoni kigingi kilikuwa wapi. Akanyoosha kidole baharini.

Sasa mzee yuko ofisini anawaeleza wageni, kakalia kiti changu. Mimi kaniachia koti na filimbi. Nakuandikia nikiwa getini.