Baba kwenye video ya mnadani

Mwenzangu, hutaamini. Nimemwona baba. Ndiyo, baba yangu, yule yule tuliyemzika.

Si unajua niko kwenye mafunzo ya maafisa biashara, tukauze mifugo na nyama nchi nyingine za Afrika? Leo mkufunzi katuwashia ukutani video ya mnadani. Nani yuko pale anamsifia fahali kwa mnunuzi mgeni? Baba! Na ile kauli yake: "Mguse mwenyewe, ng'ombe haongopi!"

Mkufunzi akaisimamisha, baba kafungua mdomo. Akanigeukia MIMI: "Huyu mzee kakosea nini?"

Na nikajibu! Hajaonyesha cheti cha afya ya mnyama. Hajamuuliza mteja anataka nini. Darasa zima likanipigia makofi, na baba ananitazama tu pale ukutani.

Hapo nikaangua kilio. "Ni baba yangu!"

Mkufunzi wa watu akaduwaa. "Nisamehe dada, naifuta sasa hivi."

Nikamdaka mkono. "Usifute! Sina sauti yake nyingine."

Kanitumia, iko hapa kwenye simu. Njoo basi. Siwezi kuifungua peke yangu.