Ulivyombeba Keza Kule Kibuye

Papa Keza,

Nimerudi jana kutoka Kibuye, na leo baada ya misa nimekaa mezani nikuandikie kabla maneno hayajapoa. Keza yuko uani anamsuka bibi yake nywele, yaani anazivuruga, na mama yako anavumilia. Wote wawili wanajua ninayemwandikia. Keza kaniambia nikwambie kwamba meno yake ya mbele yameng'oka, na mapya yanakuja yamepinda kidogo kama yako. Haya, nimekwambia.

Tangu tukuzike nimekuwa nikiongea nawe kichwani tu. Nikipika. Nikipanda kwenda shuleni Cyanzarwe. Nikipita pale mpakani, Grande Barrière, na kuwaona wenzako wamekaa palepale, wakiwaandikia watu karatasi za mizigo. Bado wananiita "Mama Keza!" kwa ile sauti kubwa ya zamani, halafu wananyamaza ghafla. Salamu yao hainiumizi. Ule ukimya ndio unaoniumiza.

Mlango wa jikoni, ule uliokuwa unakwama, nimeutengeneza. Nimeandika mlango, na hapa nilipo nakusikia ukinicheka: "Mulango, mwalimu. Mu-la-ngo. Hiyo m yenu ya Tanzania inanikaba koo." Mimi nimekulia Karagwe, wewe Goma, sote wawili tumerudi nchini kwetu kila mtu na Kiswahili chake, tukakigombania ndani ya nyumba mpaka Keza akajitengenezea cha kwake. Sasa hakuna wa kunisahihisha. Nimeshinda, na sitaki.

Lakini nilitaka kukueleza habari za Kibuye. Na siwezi kukueleza safari hii bila kuirudia ile ya kwanza, ile yetu.

Unakumbuka wale watafiti wa ziwa walivyokuwa wakitafuta walimu wachache wa sayansi, wakae nao Kibuye wiki tatu, wafanye nao kazi yenyewe majini, kisha warudi na maarifa hayo darasani? Niliomba nikiwa na mimba, nikijua hawatanichukua. Jibu likaja Keza bado ananyonya, hata kukaa peke yake hajui. Nilikuonyesha ujumbe kwenye simu, nikakwambia nitawashukuru na kuwaomba wampe mwingine. Ulikuwa unakula viazi. Uliweka kijiko chini.

"Juu ya nini?"

Nikasema, mtoto.

"Mutoto iko na baba yake," ukasema. "Baba iko na mugongo. Sasa shida iko wapi?"

Nilidhani unatania. Kesho yake ukaomba likizo, na bosi wako akakuuliza mbele ya watu wote kama ni wewe uliyezaa. Mama yako naye, habari zilipomfikia kwake Nyamyumba, alipanda pikipiki siku hiyohiyo. Hakukubali hata kiti. Alisimama na mkoba wake mkononi: "Nani ameona mwanaume anabeba mutoto na kitenge barabarani? Watu watasema mwana yangu ndiye ameolewa." Ukamjibu taratibu kabisa, "Bon, mama. Waseme." Akaondoka bila kuaga, na hakutusemesha tena mpaka tuliposafiri, wala hakuuliza habari zetu tulipokuwa huko.

Ulipanga chumba karibu na nyumba ya watafiti, dirisha lake likitazama ziwa. Kila asubuhi nilimnyonyesha Keza nikakukabidhi, nawe ukamfunga mgongoni na kile kitenge changu cha njano, ukitoa makalio nyuma ili asiteleze, kama ulivyowaona dada zako wakifanya. Nilikuwa nakwenda mashuani huku nikigeuka kila hatua. Ulikuwa unanifukuza kwa mkono. "Nenda, mwalimu! Maji inakungoja!"

Na kule majini, Papa Keza, niliyoyaona sijui kama niliwahi kukueleza vizuri, maana nilikuwa narudi nimechoka na matiti yamejaa. Daktari Solange, yule mkuu wa watafiti, alitufundisha kushusha chupa ya chuma kwa kamba ndefu hadi kule chini ambako mwanga haufiki. Ilipopandishwa, maji yalitoka yakifoka kama soda iliyotikiswa, yakinuka mayai viza. Nilikuwa nimefundisha habari za gesi iliyomo ndani ya ziwa hili la Kivu miaka yote hiyo kutoka kitabuni. Siku ile niliinusa. Nilisimama pale mashuani nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ikifika saa sita blauzi inalowa maziwa mbele ya watu, nami najikumbatia na jaketi la kuelea ili wasione, lakini hata aibu ile ilikuwa na furaha ndani yake. Nilikuwa mama, na nilikuwa kazini, na hakuna aliyenidai nichague.

Jioni nikirudi nilikuwa nakukuta ufukweni umesimama, mtoto mgongoni, unayumbayumba. Wanawake wanaoanika sambaza, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wamekucheka siku za kwanza. Kisha wakakuzoea, wakakupa jina, Papa Mugongo. Ulijifanya umeudhika. Ulipenda sana jina lile.

Halafu ile siku ya upepo. Ziwa lilichafuka ghafla, nahodha akatupeleka nyuma ya kisiwa tukangoje, na simu hazikushika. Nilikaa pale nikisikia kifua kinataka kupasuka, nikijua maziwa niliyokuachia kwenye chupa yalishaisha zamani. Tulipofika, jua limeshuka, nilikukuta umekaa juu ya turubai la sambaza, macho mekundu, na Keza amelala mikononi mwa mama mmoja muuza samaki, Josefina, aliyekuwa na mtoto wake mdogo.

Hukunitazama. Ulisema ukiangalia chini: "Mutoto amelia, na mi nimelia. Huyu mama akaninyang'anya mutoto, akamunyonyesha. Utanisamehe?"

Nikusamehe nini? Nilikaa kando yako nikalia pia, na Josefina akatucheka sote wawili. Kila nikikumbuka ndoa yetu, si harusi ninayoiona kwanza. Naliona turubai lile, na harufu ya samaki, na bega lako limelowa jasho na mate ya mtoto.

Siku ya mwisho Daktari Solange alikuita utazame kwenye hadubini tone moja la maji tuliyochota. Ulifumba jicho lisilo lenyewe, ukafumbua, ukafumba lingine. Kisha ukaruka nyuma. "Mana yanjye! Mungu yangu! Maji yote hii iko na watu!" Ukamnyanyua Keza naye aone, na yeye akataka kuila ile hadubini. Tulicheka mpaka nahodha akaja kuuliza kuna nini.

Tuliporudi Gisenyi niliwashusha wanafunzi wangu kutoka Cyanzarwe hadi ziwani. Watoto wanaoliona ziwa kila siku kutoka mlimani, na wengine hawajawahi kuligusa. Ulikuja nao ukawa unahesabu vichwa kwa sauti, unakosea, unaanza upya. Miaka ile ilikuwa mizuri. Sikujua kama ilikuwa mizuri kiasi hicho. Niliishi ndani yake kama mtu anayeishi tu.

Kisha figo zako.

Hayo sitayarudia, uliyapitia mwenyewe. Ila nakumbuka kule hospitali, hata ulipokuwa huwezi kugeuka, uliniuliza kama nimewahi shule. Mama yako alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, ameshika mguu wako kupitia shuka, hasemi kitu. Alikuwa hivyo siku zote zile. Baada ya mazishi alikuja kwetu na mkoba mmoja, akasema anakaa mpaka Keza amzoee. Keza kamzoea zamani. Bado yupo, na sitaki aondoke.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwaka huu.

Wale watafiti waliniomba nikae pamoja na wanaochagua walimu wapya. Tukafika kwa mwalimu mmoja wa Nyamyumba, anaitwa Diane. Maombi yake yalikuwa mazuri kuliko yangu ya wakati ule. Mumewe ni mwanajeshi, yuko mbali kikazi, na ana mtoto wa miezi michache. Mzee mmoja kati yetu akasema, kwa upole kabisa, mwalimu huyu ni mzuri, lakini tumwambie aombe tena mtoto akishakua. Wenzake wakaitikia. Tayari walikuwa wanaendelea na jina lingine.

Nikasema hapana.

Sauti yangu ilitetemeka, nikaichukia kwa kutetemeka. Nikawaambia kwamba kuna mwalimu aliyekwenda na mtoto wa namna hiyo, ni mimi, na niliweza kwa sababu kuna mtu aliyembeba mtoto. Nikawasimulia habari zako. Kitenge, likizo, bosi wako, upepo. Nilipofika kwa Josefina sikuweza kuendelea. Nikadhani nimeharibu.

Daktari Solange ndiye aliyeongea. Alisema, "Papa Mugongo. Jioni nilikuwa natafuta ufukwe kwa darubini, nikiona kitenge cha njano namwambia nahodha tumefika." Sikuwahi kujua hilo. Wewe ulijua? Kisha akamgeukia yule mzee: "Tumchukue. Na kuanzia sasa mwalimu anayenyonyesha aje na mtu wa kumlea mtoto, tuwape chumba na chakula wote." Yule mzee hakubisha. Aliniomba radhi mlangoni, ingawa hakunikosea, alikuwa hajui tu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na kabla sijavua viatu Diane akapiga simu analia. Nafasi ameipata, mtu hana. Mama yake alishafariki, dada zake wako Kigali na kazi zao. Nilimwambia tutatafuta. Nikakata simu nikakaa. Mama yako alikuwa anachambua maharage, amesikia yote.

"Mi nitaenda," akasema.

Nikamuuliza wapi.

"Kibuye. Ama unafikiri mi sijui kubeba mutoto?"

Hakuinua macho kutoka kwenye maharage. Nami sikuthubutu kusema neno lingine, nisije nikamfanya abadili nia.

Basi tulikwenda wote, na Keza pia kwa kuwa ni likizo ya shule. Mimi nilipanda mashua na walimu wapya, maana sasa ndio najiita mzoefu. Mama yako alibaki na mtoto wa Diane. Siku ya kwanza alikaa chumbani. Siku ya pili akatoka kuota jua, akawakuta wanawake wa sambaza, nao wakamuuliza yeye ni nani. Keza ndiye aliyenisimulia. Mama yako aliwajibu, "Mi ni mama ya Papa Mugongo."

Papa Keza, wale wanawake! Waliacha kazi. Josefina sasa amenenepa na ana wajukuu. Alimletea kiti, akamletea sambaza wa kukaanga, akamkumbatia kama ndugu aliyepotea. Wakaanza kumsimulia. Kumbe ulikuwa unafua nepi pale majini ukiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Kumbe uliwafundisha waume wawili watatu kufunga kitenge, na mmoja akamwangusha mtoto kwenye mchanga, ukamkemea kama askari. Wakamwambia habari za siku ile ya upepo, ulivyokuwa unakimbia ufukwe mzima ukimwomba kila mtu simu. Wakamweleza jinsi ulivyolia. Mimi sikuwahi kumwambia mama yako hata moja ya hayo, nilidhani hataki kusikia. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto wa Diane amelala mgongoni kwake.

Jioni ile nilikaribia kutomtambua. Alikuwa mpole, mwenye mawazo. Siku zilizofuata alikuwa wa kwanza kwenda ufukweni na wa mwisho kurudi. Diane alimaliza wiki zake zote tatu. Alishusha chupa, akanusa maji, akacheka peke yake, nami nikageuza uso asinione.

Jana, tunafunga mizigo, mama yako aliniita nje. Alisema haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo mzito kichwani:

"Ule wakati nilimuonea haya. Nilijificha majirani wasinione. Nyuma ya ile nikakuja kuona nilikosa, pole pole, lakini sikusema. Hata hospitali nilitaka kumwambia. Nikawaza, nitamwambia akipona. Sasa wewe unajua kuandika. Umuandikie. Umwambie mama yake amefika Kibuye, ameona kwa macho yake, na mutoto wake alifanya muzuri."

Kisha akaingia ndani kukunja shuka.

Ndiyo sababu ya barua hii. Mimi nilishakuambia mwenyewe mara nyingi, ukiwa hai, nashukuru kwa hilo. Lakini hili la mama yako lilikuwa bado halijakufikia.

Nakuahidi hivi. Kila mwaka wakinikalisha kwenye ile meza, likisomwa jina la mwalimu mwenye mtoto kifuani, sitanyamaza, sauti itetemeke isitetemeke. Na Keza nitamwambia yote, hata ile ya kulia, ajue alibebwa na nani.

Pumzika, Papa Keza. Tupo. Tunakula, tunacheka, tunagombana kidogo. Ukituona kutoka huko uliko, usihuzunike.

Mama yako ameingia na nywele zake zimesimama kila upande, ameuliza kama maneno yake nimeshayaandika. Nimemsomea. Ameniambia niyaandike tena mara ya pili, usije ukayapita. Kwa hiyo nayaandika tena, kama alivyoyasema: mama yako ameona kwa macho yake, na ulifanya muzuri.

Mama Keza