Baraza Juu ya Haboba

Jumanne. Mvua ilinyesha mchana ikakatika, na sasa joto limerudi kana kwamba halikuondoka. Nimenawa mikono mara mbili na bado inanuka mbao.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Tangu haboba azikwe nyuma ya nyumba yetu, kila nikitoka shule nilikuwa nabeba kiti cha plastiki, nakaa karibu na kaburi lake, namsomea kitabu. Kwa sauti. Kwa Kiswahili.

Nyumbani walidhani nakariri masomo. Sikuwasahihisha.

Haboba ni bibi yangu, mama yake mama. Alipokuwa hai hakujua Kiswahili. Alijua Kiarabu cha Juba na lugha ya kwao, na mimi nilikuwa nimetoka Nakuru nilikozaliwa, sijui hata kimoja vizuri. Tulikuwa tunaangaliana tu. Siku moja, kwa kukosa la kusema, nikamsomea kilichokuwa mkononi mwangu. Nilipofika mwisho wa ukurasa akasema, "Tani." Yaani tena. Basi ikawa hivyo. Yeye anachambua maharagwe, mimi nasoma hadithi ambayo haelewi neno lake hata moja, na nikinyamaza ananiambia tani.

Darasani mwalimu akiuliza swali nalijua jibu na bado naangalia dawati. Mtu kama mimi akipata msikilizaji hamwachi kirahisi. Hata akifa.

Tulimzika hapa nyumbani kwa sababu hapa ni kwake. Kiwanja hiki cha mtaa wa Hai Cinema ni cha haboba. Sisi tulikuwa Kenya, majirani walikuwa wamekimbia, yeye alikaa humu wakati wote wa vita ili tukirudi tukute mahali pa kuweka mizigo. Baba analijua hilo. Naliandika tu ili mtu asije akasema sikulisema.

Baba naye ana ndoto yake, na sitaki kuwa mwongo, ni ndoto nzuri. Kule Nakuru alikuwa askari wa getini kwa familia moja tajiri. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na baraza la mbao, limeinuliwa kutoka kwenye nyasi, na wenye nyumba walikuwa wanakaa pale asubuhi na kahawa. Baba alikuwa anawaona kupitia upande wa gereji. Miaka yote ile hakuwahi kulikanyaga. Sasa ana kazi ya ofisini hapa Juba, anasimamia magari, na mwezi uliopita alisema naye anataka baraza lake, nyuma ya nyumba yake, akae na watu wake.

Nyumba yake. Ndivyo alivyosema.

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alivuta kiti akakaa karibu nami mezani, akaniuliza kama naweza kumchorea.

Sijui nieleze vipi furaha ile bila kuonekana mjinga. Baba hajui niko kidato gani mpaka aulize. Lakini jioni zile alikuwa anashika ncha ya tepu nami nashika nyingine, tunapima ua kutoka mlango wa jikoni hadi ukutani. Nilichora kwenye karatasi ya grafu. Niliweka nguzo fupi juu ya saruji kwa sababu ya mchwa, na sakafu nikaiinua hadi usawa wa goti kwa sababu mvua ikinyesha ua wetu unakuwa dimbwi. Baba akaniita injinia wangu. Alinitambulisha hivyo hata kwa muuza mbao pale soko la Custom, ambaye hakuuliza.

Kaburi la haboba liko katikati kabisa ya mahali baraza lingekuwa. Niliacha uwazi. Mstatili mkubwa kuliko kaburi, wenye ukingo mdogo wa mbao kuzunguka, ili mtu akikaa barazani awe amekaa na haboba, si mbali naye. Nilimwonyesha baba. Aliutazama mstatili ule kwa muda, akasema, "Sawa, injinia."

Sawa. Nimelirudia neno hilo kichwani mpaka limeisha ladha.

Fundi alikuwa Okello, Mganda mwenye kibanda chake Custom, mcheshi, mwenye kuimba akipiga randa. Alifanya kazi yake vizuri. Alipaka nguzo oili chafu ya magari, akavuta uzi, akaweka pimamaji kila mahali, akafuata karatasi yangu kama nilivyoichora. Kila nikitoka shule nilikuwa nakuta boriti zimeongezeka, na katikati yake mstatili wangu uko wazi, kaburi linaonekana, na jina la haboba ambalo mama aliliandika kwa kijiti saruji ikiwa bado mbichi.

Alhamisi nilirudi nikakuta hakuna mstatili.

Mbao zilikuwa zimepita moja kwa moja, kutoka mlangoni hadi ukutani, nzuri, za mtiki, zimenyooka. Okello alikuwa anakusanya vifaa. Nilimuuliza uwazi uko wapi. Nadhani alinionea huruma, kwa sababu aliacha kuimba.

"Karatasi yako mzuri sana, dada," alisema. "Lakini mzee alikuja asubuhi akasema funga. Mimi iko nafuata mzee."

Baba aliporudi nilimsubiri anywe maji kwanza. Nilikuwa nimetunga maneno mengi, na midomo ikatoa mawili tu. "Na haboba?"

Alisema haboba yuko palepale, hakuna aliyemgusa, hewa inapita chini. Nilibaki nimesimama. Ndipo akanieleza, na hakunifokea, heri angenifokea.

"Mwanangu, mimi sijawahi kukaa na chakula mbele ya mkwe wangu. Alikuwa akipita njia hii, mimi napita ile. Unataka nimkaribishe mkuu wangu tule nyama mama mkwe ananitazama? Hii ni heshima. Wewe umezaliwa Kenya, hujui."

Najua. Niliona kwa macho yangu. Haboba akitoka jikoni, baba alikuwa anageuza uso ukutani na kusubiri apite. Baba akiwa anakula, mama alikuwa anasimama mlangoni kama pazia. Walikaa ua mmoja kwa miaka na sidhani kama baba angeweza kukueleza macho ya haboba yalikuwaje.

Lakini nimeifikiria heshima hiyo kwa siku tano na inagoma kuingia. Hawezi kula mbele yake.

Juu yake anaweza.

Nilikwenda kwa mama. Mama ni muuguzi, anarudi na miguu imevimba, na alikuwa ameiweka kwenye beseni. Nilidhani yeye atalipuka na mimi nitasimama nyuma yake, maana ndivyo nilivyozoea kugombana na dunia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni mama yangu au ni mama yako?" aliniuliza. "Mimi nimenyamaza. Wewe unalia nini? Kalas, yameisha."

Sikuwa nimeanza kulia. Nilianza hapo.

Jumapili wageni walikuja. Mkuu wa baba na wenzake wawili wa ofisini, wote wamevaa vizuri kutoka kanisani. Mama alipika tangu alfajiri, lakini niligundua jambo moja: hakukanyaga baraza. Kila sinia alilifikisha mlangoni akanikabidhi, vidole vya miguu vimeishia kwenye kizingiti. Hakuna aliyeliona hilo ila mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa natembea juu, na sinia mkononi, nikijua kwa sentimita niko wapi. Nilichora mwenyewe. Kiti cha mkuu wa baba kilikuwa kifuani kwa haboba.

Mkuu ni mtu mkubwa mwenye kicheko cha kujaza ua. Alipiga kisigino sakafuni mara kadhaa, kama mtu anayenunua ng'ombe, akauliza kama baba ameleta Wachina. Baba akasema hapana, ramani ni ya huyu, akaninyooshea mkono. Sijawahi kumwona na uso ule. Alikuwa anameta.

"Huyu?" mkuu akasema. "Huyu ambaye nimemsalimia akaitikia huku anaangalia kucha? Kumbe kimya chote hiki kilikuwa kinapima mbao."

Wakacheka. Mwenzake akadakia, "Atakayemuoa ajiandae. Kabla ya chai ataletewa grafu."

Wakacheka tena, na baba alicheka kuliko wote. Kisha wakanitazama, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kusema kitu. Sentensi ilikuwa tayari. Ilikuwa fupi. Ningesema tu, mzee, chini ya kiti chako amelala bibi yangu, na watu wale wote watatu wangesimama, maana hakuna mtu wa hapa anayekalia kaburi akijua. Nyama ingebaki kwenye sinia. Baba asingeweza tena kuwaangalia Jumatatu ofisini.

Nilisema asante.

Nikachukua sinia tupu nikarudi jikoni. Jioni baba aliniletea soda ya machungwa niliyobakishiwa na wageni, akaiweka mezani karibu na vitabu vyangu. Niliinywa. Hilo pia nalikiri, niliinywa yote, na ilikuwa tamu.

Tangu Alhamisi sijasoma hata ukurasa mmoja kwa sauti. Nilijaribu Jumamosi kukaa juu ya zile mbao na kuanza. Nilihisi kama mtu anayeongea na sakafu, na nikagundua kwamba hicho ndicho baba anachotaka, ingawa hajui kwamba anakitaka. Baada ya mwaka watoto wa jirani watakuwa wanaruka kamba pale. Baada ya miaka miwili mitatu tutamwambia mgeni, haboba amezikwa huko nyuma, na tutapunga mkono kuelekea popote. Mama atazeeka na miguu yake ndani ya beseni. Mtu aliyekatalia kiwanja hiki risasi zikipita atakuwa ameondolewa kwa mbao nzuri na chai, na ramani yangu.

Kwa hiyo leo.

Shule ilitutoa mapema kwa sababu ya mvua. Nilipita kwa Okello nikamwomba bisibisi. Hakuuliza ya nini. Alinipa ile yenye mpini mnene na kusema mtiki ukilowa unashika skrubu, nisukume kwa uzito wa bega, si kwa mkono. Nilifika nyumbani, nikabadili sare, nikapima kutoka mlangoni na kutoka ukutani kama ilivyo kwenye karatasi yangu, nikachora mstatili kwa penseli. Kisha nikapiga magoti nikaanza.

Ubao wa kwanza ulinichukua muda mrefu kuliko zote zilizofuata. Nilichubuka kiganja. Mbao hazikukatwa mahali pa mstatili, kwa hiyo ilinibidi niuinue kila ubao mzima na kuuburuta hadi ukutani. Chini yake saruji ilikuwa kavu upande mmoja na imelowa upande mwingine, imejaa vumbi la msumeno, na juu ya jina la haboba palikuwa na kifuniko cha soda.

Mama alirudi nikiwa nimefika katikati. Alisimama kwenye kizingiti. Nilidhani ataniambia niache, nikajiandaa kutoacha. Aliangalia shimo, akaniangalia mimi. "Baba yako anarudi saa kumi na mbili," alisema, akaingia ndani. Hakunisaidia. Hakunizuia.

Nilimaliza kabla baba hajarudi. Nilipakua chakula cha baba, nikakiweka juu ya meza ndogo ya sebuleni, nikakifunika na sahani. Kisha nikarudi kuzipanga mbao.

Alikuja moja kwa moja nyuma, kama anavyofanya siku hizi, shati limefunguliwa kifungo, yuko tayari kukaa. Aliweka mguu mmoja barazani akaona. Na kabla hajasema neno, kabla hata hajakasirika, aligeuza uso ukutani na kurudi nyuma ya mlango, vilevile kama alivyokuwa anafanya kila haboba alipotoka jikoni.

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba heshima ile ni kisingizio. Haikuwa. Hilo ndilo linaloniuma sasa zaidi ya kiganja, kwa sababu nilipenda zaidi alipokuwa mnafiki machoni pangu.

Nilisikia anavyopumua nyuma ya mlango. Nilijua nimemnyang'anya nini. Nilimwambia kwa sauti ambayo hata mimi siijui, "Chakula chako nimekiweka ndani, baba."

Kisha nikasikia kiti cha sebuleni kikivutwa, na sahani ikifunuliwa.

Nilitia skrubu zote kwenye kopo la maziwa nikalifunga, nikaegemeza ubao wa mwisho ukutani, nikachukua ufagio. Nilifagia vumbi la mbao kutoka kwenye kaburi, nikatupa kile kifuniko cha soda, nikamwaga maji, nikafuta kwa kitambaa mpaka jina likaonekana lote.